Mgongo wa Mbebaji, Mfuko wa Nani? Utangulizi wa Utafiti wa Maumivu ya Kiuno na Tiba ya Mikono

Mwanafunzi anayekuja na wazo la kutafiti maumivu ya kiuno huanza karibu kila mara na swali lile lile: hii tiba ya kiropraktiki, ya kusukuma pingili za mgongo kwa mikono mpaka zilie, inaponya au haiponyi? Ni swali halali, na nitalijibu kadiri ushahidi unavyoruhusu. Lakini hupenda kumtangulizia jingine. Mgongo ukiharibika, hasara inaingia mfukoni mwa nani? Ukilishika hilo, historia ya fani hii itakunyookea. Utaona kwa nini Uingereza na Marekani wana majaribio makubwa ya kitabibu juu ya kiuno, kwa nini Denmark wana taasisi nzima, na kwa nini Kariakoo, penye migongo inayofanya kazi nzito kuliko karibu popote Dar es Salaam, fedha za utafiti hupita barabara nyingine.

Tupite haraka kwenye ukubwa wa tatizo, maana takwimu hizi utazikuta kila unapofungua jarida. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na inakadiriwa kwamba kufikia 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu waishi miaka mingi zaidi wakiwa hawajiwezi sawasawa. Kwa Afrika, wengi hunukuu mapitio yaliyochapishwa 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch na wenzao: katika kila watu 100, 39 walikuwa wanaumwa siku walipoulizwa, 57 waliumwa ndani ya mwaka uliopita, na 47 wamewahi kuumwa maishani. Soma tena. Inakuwaje waliowahi kuumwa maisha yao yote wawe wachache kuliko walioumwa mwaka mmoja? Haiwezekani. Kila tarakimu imetoka kwenye kundi lake la tafiti, zilizowauliza watu tofauti kwa namna tofauti. Waandishi hawakukosea hesabu. Walijumlisha kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni vipande. Huo ndio uwanja unaouingia.

Kiropraktiki yenyewe ilizaliwa Davenport, Iowa, Septemba 1895, pale Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu ya sumaku, alipodai amemrudishia usikivu msafishaji mmoja aitwaye Harvey Lillard kwa kusukuma pingili moja ya mgongo wake. Kutoka hapo akajenga nadharia kwamba karibu maradhi yote ya binadamu yanatokana na pingili kuhama na kubana mishipa ya fahamu. Nadharia hiyo haikusimama. Hata hivyo mwenye kupita Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ataitambua mara moja, kwa sababu ni ndugu wa yale matangazo ya vipaza sauti yanayouza dawa moja ya mgongo, kiuno, ngiri, presha na nguvu za kiume. Ila kuanguka kwa nadharia hakujaamua hatima ya tiba. Mkono unaweza kumfaa mgonjwa hata kama maelezo ya mwenye mkono hayana kichwa wala miguu, na hilo inabidi lipimwe peke yake.

Kwa miongo mingi halikupimwa. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwapiga marufuku wanachama wake kushirikiana na watu wa kiropraktiki, na kesi iliyofunguliwa 1976 na Chester Wilk na wenzake ikaishia kwa hukumu ya Jaji Susan Getzendanner, mwaka 1987, kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani wa kibiashara. Wengi husimulia kesi hiyo kama ndiyo iliyofungua milango ya utafiti. Naona mlango ulishaanza kufunguka kabla yake, na uliufungua mlipaji. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilibadilisha sheria ili Medicare, bima ya wazee, igharamie kiropraktiki. Miaka miwili baadaye Bunge hilo hilo likataka kujua linalipia nini, likaelekeza hadi dola milioni 2 zitumike kuchunguza, na Februari 1975 wanasayansi wakakutanishwa Bethesda, madaktari na mahasimu wao chumba kimoja. Walichokubaliana ni kwamba ushahidi hautoshi kuthibitisha wala kukanusha. Jibu dogo, lakini kuanzia hapo swali likawa la kisayansi, na lilikuwa na mwenye fedha anayelisubiri.

Uingereza nako mambo yalikwenda hivyo hivyo. Huko serikali ndiyo inayogharamia matibabu, hivyo kiuno cha dereva wa basi wa Leeds ni hasara ya hazina. Baraza la Utafiti wa Tiba likadhamini jaribio la T. W. Meade na wenzake, lililochapishwa 1990, la wagonjwa 741 waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine kliniki za kiropraktiki, wengine hospitali. Waliokwenda kiropraktiki walipata nafuu zaidi. Wakosoaji wakauliza, kwa haki, kama kilichowaponya ni mikono au ni kliniki binafsi yenye kiti kizuri na daktari asiye na haraka. Ndiyo maana jaribio lililofuata, la 2004, lenye wagonjwa 1,334, liliwagawa waliosukumwa mgongo kwa mara nyingine: nusu katika majengo ya serikali, nusu katika majengo binafsi. Tofauti ya majengo haikuonekana. Faida ya tiba yenyewe ilionekana, ndogo, na ilipungua kadiri miezi ilivyokwenda. Hivi ndivyo swali zuri linavyozaliwa kutokana na kosa la swali lililotangulia, na ndivyo fedha zinavyotakiwa kufuatana, jaribio kwa jaribio, kwa miaka 14. Mfadhili wa miaka miwili hawezi kufanya hivyo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Daniel Cherkin na wenzake wa Seattle, 1998. Watu wazima 321 wenye maumivu ya kiuno: kundi moja lilipelekwa kiropraktiki, la pili fiziotherapia, la tatu likapewa kijitabu cha ushauri tu. Baada ya miaka miwili, gharama kwa kila mgonjwa zilikuwa takriban dola 429, dola 437 na dola 153. Nafuu ya makundi mawili ya kwanza iliipita ya wenye kijitabu kwa kiasi kidogo sana. Soma namba hizo ukiwa Dar es Salaam na utaelewa kwa nini siruhusu andiko lolote la kuomba fedha lisilo na kundi la kijitabu, au kwa hapa kwetu, la mazungumzo ya dakika kumi na mtu anayejua anachosema.

Halafu wapo wanajeshi. Mwaka 2018 Christine Goertz na wenzake walichapisha jaribio la askari 750 wa Marekani, katika vituo vitatu vya jeshi. Walioongezewa kiropraktiki kwenye matibabu yao ya kawaida walipata nafuu zaidi baada ya wiki sita kuliko wenzao. Fedha zilitoka serikalini kwa njia ya Wizara ya Ulinzi. Jeshi halikufadhili kwa kupenda kiropraktiki. Askari asiyeweza kubeba mkoba wake ni askari anayelipwa mshahara akiwa amelala, na jeshi linajua kuhesabu.

Denmark wamekwenda hatua zaidi, na mfano wao ningependa wasomaji wa wizarani wausome mara mbili. Huko sehemu ya matibabu ya kiropraktiki hulipiwa na bima ya umma, na katika makubaliano ya malipo hayo kuna kifungu kidogo kinachokwenda kwenye mfuko wa utafiti. Fedha hazisubiri huruma ya mtu. Kadiri migongo inavyotibiwa ndivyo mfuko unavyojaa, na taasisi yao ya utafiti iliyopo Odense imefanya kazi kwa utaratibu wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Faida nyingine ni kwamba mfuko wenye chanzo cha kudumu hauna haja ya matokeo mazuri ili uishi mwakani. Utafiti uliogharamiwa na chama cha wataalamu wa tiba yao wenyewe una kishawishi chake, sawa na ule wa kiwanda cha vidonge. Usiukatae kwa sababu hiyo peke yake, ila sehemu ya mbinu isome kwa jicho kali kabla hujafika kwenye hitimisho.

Basi, inaponya? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Uliyakubali, kwa masharti na bila mbwembwe, mazoezi, elimu kwa mgonjwa, masaji, na tiba ya kusukuma pingili. Ulikataa mikanda ya kubana kiuno, mashine za kuvuta mgongo na dawa kali za jamii ya afyuni. Faida ya tiba ya mikono kwa kiuno ni ndogo hadi ya wastani, inakaribiana na ya mazoezi, na madai ya kutibu magonjwa mengine kwa njia hiyo hayana mashiko. Mwenye mkanda wake kiunoni hapo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ameutoa kwenye posho yake, na mwongozo haumsaidii kurudishiwa.

Twende huko Mtaa wa Kongo sasa. Kariakoo imekaa juu ya eneo la kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na hadi leo mji huo unakwenda kwa migongo. Mfanyabiashara wa Lubumbashi au Lusaka anaagiza, anafunga na kusafirisha, lakini kati ya duka na lori kuna mita mia kadhaa ambazo gari haipiti. Hapo ndipo guta, mkokoteni na mabega vinapochukua nafasi. Angalia mbebaji anavyopakiwa. Hainami kuokota. Wenzake wawili wanauinua mzigo, yeye anaingia chini yake ameinamisha shingo, robota linakaa juu ya mabega na kisogo, kipande cha gunia kikiwa ngata. Kisha anakwenda kwa hatua fupi za haraka, karibu mbio, kwa sababu kusimama na mzigo kunachosha kuliko kutembea nao. "Njia! Njia! Mzigo huo!" Kinachotisha kipo mwisho wa safari. Ghala liko ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, taa haiwaki, na mzigo unatuliwa kwa kuinama na kujipinda kwa wakati mmoja, mkao ambao wataalamu wa afya kazini wanauogopa kuliko mwingine wowote.

Uzito? Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la 1967 liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima. Sheria yetu ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo huhangaika kila msimu na lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba mpaka likapita kipimo. Lumbesa inapigwa vita kwa sababu inampunja mkulima, na ni vita halali. Lakini gunia lenyewe la halali, lisilo na kilemba, linakaribia mara mbili ya kilo 55, na linapanda mgongoni mwa mtu mmoja. Mizani ipo sokoni tayari. Imewekwa kwa ajili ya bei. Waswahili walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa rudi kwenye swali langu. Kiuno cha huyu mbebaji kikikataa kesho asubuhi, nani anapata hasara? Mwenye duka hapati. Wapo vijana wengine watano pembeni. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, haupati: unachangiwa na waajiri kwa ajili ya waajiriwa wao, na mbebaji hana mwajiri, ana wateja. Hasara yote ni yake, na inayobaki ni ya mama yake kijijini atakayempokea. Yeye ndiye mlipaji pekee, na hana uwezo wa kufadhili jaribio la kitabibu. Kwa maoni yangu hilo linaeleza uhaba wa utafiti wa kiuno kuliko maelezo yote ya ukosefu wa wataalamu.

Wataalamu, hata kama hawatoshi, wapo. Shule ya fiziotherapia ya hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikitoa wahitimu tangu miaka ya 1970. Muhimbili ina chuo kikuu chake, MUHAS, na Taasisi ya Mifupa, MOI, ambayo wodi zake zinalemewa na majeruhi wa bodaboda. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya 1979, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa ile ya 1986. Chuo cha kiropraktiki Tanzania haina. Waafrika wanaotaka kuisomea bila kuvuka bahari huenda Durban au Johannesburg. Vyombo, basi, si haba. Fedha ndizo zinazofika zikiwa zimeshaandikwa jina la ugonjwa. Ushirikiano wa majaribio ya kitabibu kati ya Ulaya na nchi zinazoendelea, EDCTP, ulipoanza 2003 uliundwa kwa ajili ya UKIMWI, malaria na kifua kikuu. Siwalaumu, magonjwa hayo yanaua, na kiuno hakiui. Lakini serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na kama ahadi hiyo ingetimia ungekuwepo mfuko wa ndani wa kuuliza maswali ambayo mgeni hana sababu ya kuyauliza.

Tiba ya mikono, kwa upande wake, haikusubiri mtafiti. Mbebaji mwenye maumivu haendi kliniki ya kiropraktiki. Anakwenda kwa mchuaji, mara nyingi mzee anayejulikana mtaani, mwenye mafuta yake ya nazi au karafuu, dua yake na mkono ulioanza kazi kabla mgonjwa hajazaliwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliwapa wataalamu wa aina hiyo baraza na utaratibu wa kusajiliwa. Ningependa kizazi kipya cha watafiti kiache kuagiza swali kutoka Iowa likiwa limefungwa tayari. Swali la Kariakoo ni kama mkono wa mchuaji, mkono wa mtaalamu wa fiziotherapia na ushauri mtupu vinatofautiana matokeo kwa mtu anayerudi chini ya gunia kesho yake.

Ukikubali swali hilo, matatizo ya kweli yanaanza, na hapa ndipo fani inaponoga. La kwanza ni kupima. Mojawapo ya madodoso yanayotumika zaidi duniani lilitungwa na Martin Roland na Richard Morris mwaka 1983, lina kauli 24, na mgonjwa hutia alama zile zinazomhusu: kwamba anashinda nyumbani kwa sababu ya mgongo, kwamba anashika reli akipanda ngazi, kwamba anakwepa kazi nzito za nyumbani. Mpe mbebaji dodoso hilo. Hashindi nyumbani, kwa sababu akishinda nyumbani hali. Ngazi za Kariakoo nyingi hazina reli. Kazi nzito hawezi kuikwepa, ndiyo ajira yake. Atapata alama za mtu mzima wa afya, na jarida litachapisha kwamba wabebaji wa Dar es Salaam wana migongo ya chuma. Hata kuuliza kwa mdomo kuna mitego. Mazungumzo ya namna hii ni ya kawaida:

"Habari za kazi, kaka. Kiuno kinakusumbua?"

"Hapana dada, uchovu tu."

"Na jana kabla ya kulala ulimeza dawa yoyote?"

Anatoa mfukoni kamba ya vidonge vya diklofenaki, vinne vimeshatoka. Andika hiyo. Kwa mbebaji, idadi ya vidonge kwa wiki huenda ikawa kipimo cha maumivu kizuri kuliko kauli zote 24, na pia ni onyo, maana dawa hiyo ikitumiwa mfululizo huumiza tumbo na figo.

La pili ni nani unayemkuta. Ukifanya uchunguzi wa siku moja sokoni, unawakuta waliosalia. Wale ambao migongo iliwashinda wamesharudi Singida, Lindi au Mtwara, au wamegeukia kuuza maji ya chupa. Kwa hiyo wabebaji wa miaka 45 wanaweza kuonekana wana afya kuliko wa miaka 25, na mtafiti mgeni akahitimisha kwamba mgongo huzoea. Dawa yake ni kuwafuata watu kwa muda, na kuwafuata watu Kariakoo ni kazi. Soko Kuu, lile jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa 1975, liliungua Julai 10, 2021. Mtafiti aliyekuwa na orodha ya wabebaji wa soko hilo mwezi Juni angeianza upya Agosti, watu wake wakiwa wametawanyika Kisutu, Ilala na kwingineko. Maduka yaligoma Mei 2023 na tena Juni 2024 kwa sababu za kodi. Siku hizo mbebaji hakufanya kazi, na kiuno chake hakikuhusika. Ukiwa unahesabu siku alizokosa kazi kama kipimo cha ugonjwa, mgomo umeingia kwenye takwimu zako na utaonekana kama maumivu. Weka daftari la matukio ya soko pembeni ya daftari la wagonjwa.

La tatu ndilo linalobadilisha bajeti kuliko yote, na maandiko ya Ulaya hayatakuandaa kwa hilo. Kabla ya kumsukuma mtu pingili, lazima uwe na hakika kwamba pingili hizo ni nzima. Copenhagen hakika hiyo hupatikana mara nyingi kwa maswali machache. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu hupenda kukaa kwenye uti wa mgongo, kikila pingili taratibu huku mgonjwa akiamini ni kazi imemchosha. Homa za usiku, kupungua uzito, maumivu yasiyotulia hata akilala, ganzi ya miguu au mapajani, kushindwa kuzuia mkojo: mwenye mojawapo ya hayo asiguswe na mkono wa mtu yeyote kabla ya kuonwa na daktari na kupigwa picha. Gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na nauli ya kumpeleka na utaratibu wa kumwanzishia matibabu akikutwa nacho.

Picha zenyewe zitumike kwa sababu hiyo tu. Mapitio yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa hata kwa watu wasio na maumivu yoyote, diski zilizochakaa huonekana kwa 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20, na kwa 96 kati ya 100 wenye miaka 80. Kijana anayeambiwa "pingili zako zimesagika" kwa sababu ya picha kama hiyo amepewa ugonjwa ambao hakuja nao, na wapo wanaoacha kutembea kabisa kwa kuogopa sentensi hiyo moja. Fedha za kipimo cha sumaku (MRI) kwa kila mshiriki ni bora ziende kwenye kitu kingine.

Ni kitu gani hicho? Kama leo ningekabidhiwa fungu dogo, nisingeanza na jaribio la tiba. Ningeanza na vijana wapya, wale walioingia kubeba ndani ya mwezi huu, niwafuate kwa simu na kwa miguu mwaka mzima, nikiwa na mizani mlangoni pa maghala machache. Uzito halisi, idadi ya safari, vidonge, siku za kulala, siku ya kuacha kazi. Kazi hiyo haihitaji mashine. Inahitaji wasaidizi watatu wanaojulikana sokoni, vocha za simu, na fidia ya muda inayolingana na safari moja ya mzigo, isiwe kubwa kiasi cha kumnunua mtu. Takwimu hizo ndizo ningezipeleka WCF, kwa wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, OSHA, kwa Halmashauri ya Jiji inayokusanya ushuru, na kwa wafanyabiashara wenyewe, nikiwa na pendekezo la aina ya Denmark: kipande kidogo cha ushuru wa kila mzigo kiende kwenye mfuko wa mgongo unaoubeba. Watakataa mara ya kwanza. Watakataa kwa shida zaidi mara ya pili wakiwa na takwimu mbele yao, hasa sasa ambapo sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 inaelekea kuifanya hasara ya mbebaji kuwa hasara ya mfuko wa umma.

Kuhusu vibali: kamati ya maadili ya chuo chako, kisha ile ya taifa iliyo NIMR, kisha barua ya mkoa, ya wilaya ya Ilala, ya mtendaji wa kata, na mwisho mwenyekiti wa mtaa. Wageni wasio raia waongeze kibali cha COSTECH. Wengi huona ngazi ya mwisho ni ya heshima tu na kuiacha mpaka wiki ya kuanza kazi. Iombe mapema, uende mwenyewe, umwamkie vizuri na umweleze kwa Kiswahili cha kawaida mizani ni ya nini, kwa sababu neno la kwanza litakaloenea sokoni ukiiweka ni kwamba wewe ni mtu wa kodi.